Tufuate Shamba Kabla ya Jina: Kutafuta Nasaba katika Kaunti za Mashambani za Virginia na Kentucky

Mabibi na mabwana, watafiti wenzangu,

Wengi wetu huanza kutafuta nasaba kwa kuandika jina la babu katika intaneti na kusubiri jibu. Njia hiyo hufaa kwa mtu aliyeishi mjini katika karne ya 20. Kwa mkulima aliyeishi na kufa katika kaunti ya mashambani ya Virginia au Kentucky, majimbo ya Marekani, kabla ya hapo, jina ni kamba dhaifu mno. Karani aliliandika kama lilivyomfikia sikioni, binamu watatu walikuwa nalo kwa wakati mmoja, na cheti cha kuzaliwa hakikuwapo, kwa kuwa usajili wa kudumu wa vizazi na vifo ulianza mwaka 1911 Kentucky na mwaka 1912 Virginia, na majaribio ya miaka ya 1850 yaliacha mapengo makubwa. Shamba, kwa upande wake, halikuhama. Lilinunuliwa, likatozwa kodi, likarithiwa, likagombewa, na kila mara karani wa mahakama ya kaunti alichukua kalamu. Kwa hiyo ombi langu ni kwamba tulifuate shamba kwanza.

Chukueni hati ya mauzo ya ardhi. Katika majimbo haya mawili mipaka ilielezwa kwa miti, vijito na majirani: mstari unaanzia kwenye mwaloni mweupe, unateremka na kijito, kisha unapakana na ardhi ya fulani. Msomaji mwenye haraka huruka maelezo hayo ili afike kwenye majina ya muuzaji na mnunuzi, na hapo hupoteza mengi, kwa sababu jirani wa mpakani mara nyingi ndiye mkwe, ndiye shahidi wa wosia, ndiye aliyekuja kuwa mlezi wa yatima. Tena, mke alikuwa na haki ya ujane katika ardhi ya mumewe, yaani sehemu aliyostahili kuitumia akifiwa na mume, hivyo shamba lilipouzwa aliitwa na kuulizwa faraghani, mbali na mumewe, kama ameridhia kwa hiari yake. Karani akaandika jina lake. Yapo majina ya mabibi zetu ambayo, kabla ya mwaka 1850, hayapatikani popote isipokuwa katika mistari hiyo michache iliyo chini ya hati.

Nimeutaja mwaka 1850 kwa makusudi. Sensa ya Marekani ilianza mwaka 1790, lakini hadi ile ya 1840 ilimtaja mkuu wa kaya pekee na kuwahesabu wengine kwa tarakimu. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina. Ile ya 1890 iliharibika karibu yote kwa moto uliozuka Washington mwaka 1921, na za 1790 na 1800 kwa Kentucky hazipo. Pengo hilo tunaliziba kwa orodha za kodi, ambazo ziliandikwa mwaka hadi mwaka.

Kabla ya kufungua kitabu chochote, ulizeni kaunti hiyo ilizaliwa lini na kutoka kaunti ipi. Kentucky ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1792 ilikuwa na kaunti 9. Leo zipo 120. Familia iliyokaa katika bonde lile lile kwa vizazi vitatu inaweza kuwa imeandikwa katika kaunti tatu bila kuhamisha hata mzinga mmoja wa nyuki, na nyaraka za zamani hubaki katika kaunti mama.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha ya pekee ya watumwa, na humo mtu aliandikwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila jina lake. Sensa ya kwanza kuwataja wote kwa majina ni ya 1870, na watafiti wengi wa nasaba hizo hukwama hapo. Lakini wale waliohesabiwa kuwa mali, ni karatasi za mali zilizohifadhi majina yao. Mmiliki alipokufa, wakadiriaji waliteuliwa na mahakama, wakaorodhesha kila kitu: majembe ya kukokotwa, ng'ombe, vitanda, na katikati yake mwanamke na mtoto wake mchanga, wote wawili kwa jina, na bei kando. Ni vigumu kuusoma ukurasa huo. Hata hivyo tunapaswa kuusoma hadi mwisho, pamoja na hati ya mgawanyo inayofuata, maana hiyo ndiyo inayoonyesha mama alikwenda kwa mrithi yupi na mtoto kwa yupi.

Tutajuaje ni mirathi ya nani ya kufungua? Anzeni na kaya yenu ya mwaka 1870 na msome kurasa kadhaa mbele na nyuma yake, mkiandika kila mwenye shamba aliye jirani, kwa kuwa wengi waliokombolewa walibaki karibu na mahali walipokuwa wakifanyishwa kazi. Msidhani kwamba jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho. Huenda ni la mmiliki wa kale, au walilichagua wenyewe. Mwaka 1866 Virginia ilizitambua ndoa za waliokuwa watumwa, na pale ambapo daftari la kaunti limesalia, tunakuta umri wa mume na mke, mahali walipozaliwa, mmiliki wa mwisho wa kila mmoja, na watoto wao. Mikataba ya kazi iliyosimamiwa na idara ya shirikisho ya watu walioachwa huru, iliyodumu kuanzia 1865 hadi 1872, hutupa kiungo kingine.

Mtaambiwa kwamba mahakama iliungua. Ni kweli kwa kaunti nyingi: baadhi ya kaunti za Virginia zilipeleka vitabu vyao Richmond, mji mkuu wa jimbo hilo, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani ili visalimike, na vikateketea huko Aprili 1865. Lakini wenye ardhi waliohofia haki zao walirudi kwa karani na hati walizozitunza nyumbani, zikanakiliwa upya. Kwa hiyo katika kaunti iliyoungua, fungueni vitabu vya miaka iliyofuata moto, kwani hati ya 1820 inaweza kuwa imelala katika kitabu cha 1870, na faharasa yake itaonyesha mwaka wa kunakiliwa tu.