Peptidi kwenye seramu: zinafika wapi?

ASHA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tunazungumzia peptidi, zile zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye seramu za kupunguza makunyanzi. Kaka Idrisa, tuanzie chini kabisa.

IDRISA: Ahsante, dada Asha. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na peptidi ni mnyororo mfupi. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, inapovunjika huacha vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo huziashiria seli zitengeneze kolajeni mpya. Wanaotengeneza vipodozi wakaviiga.

ASHA: Na ile seramu ya buluu? Kuna wanaodhani imetiwa rangi tu.

IDRISA: Hapana, ile ni shaba. Mwaka 1973 mwanasayansi Loren Pickart alipata kwenye plazma ya damu ya binadamu peptidi ya asidi amino tatu tu, inaitwa GHK. Inapenda sana kushikamana na shaba, na zikishikana unapata ule ubuluu. Maabara imeonyesha inachochea seli kutengeneza kolajeni.

ASHA: Maabara, sawa. Lakini uso wangu haumo kwenye kisahani cha maabara.

IDRISA: Hapo ndipo penye kazi. Tabaka la juu la ngozi limeumbwa kuzuia vitu visipite. Kuna kipimo wataalamu wa ngozi hukitumia tangu mwaka 2000: molekuli inayozidi daltoni 500 hupata taabu kupenya; daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli. GHK ina kama 340, kwa hiyo kwa ukubwa inaruhusika. Lakini ukubwa si kila kitu. Peptidi nyingi hupenda maji, na lile tabaka limejaa mafuta.

ASHA: Kwa hiyo inabaki juu juu.

IDRISA: Ndiyo maana kwenye lebo unakuta neno "palmitoyl". Maana yake peptidi imeunganishwa na asidi ya mafuta ili ikubaliane na ngozi. Chukua Matrixyl, ya kampuni ya Sederma ya Ufaransa: asidi amino tano, zimefungiwa mafuta hayo. Uzito unapanda hadi kama daltoni 800, na bado inapenya kuliko ikiwa peke yake.

ASHA: Hiyo sikuitegemea. Na imejaribiwa kwa watu?

IDRISA: Imejaribiwa. Utafiti uliochapishwa 2005 ulichukua wanawake 93 wa miaka 35 hadi 55, wiki 12. Upande mmoja wa uso krimu yenye peptidi, upande wa pili krimu ileile bila peptidi. Kiasi kilikuwa sehemu tatu tu kwa milioni. Mistari midogo ilipungua zaidi upande wenye peptidi.

ASHA: Nani aliufanya?

IDRISA: Watafiti wa kampuni ya Procter & Gamble, ambayo inauza vipodozi. Siutupi kwa sababu hiyo, maana kulinganisha nusu mbili za uso mmoja ni njia nzuri. Ila tofauti ilikuwa ndogo, na lazima tuseme hivyo.

ASHA: Sasa zile zinazoitwa "Botox ya kupaka"?

IDRISA: Hiyo ni Argireline. Inaiga kipande cha SNAP-25, protini ambayo neva huitumia kuuamuru msuli ukaze. Botox, dawa ya kulegeza misuli, hukata protini hiyo, lakini hupelekwa kwa sindano. Argireline ina karibu daltoni 890 na haina mafuta ya kuisaidia. Ipite ngozi nzima mpaka kwenye neva za msuli? Mimi hapo sishawishiki.

ASHA: Tunaonunua tuangalie nini? Mimi nikiona peptidi iko mwisho wa orodha ya viambato, nairudisha chupa.

IDRISA: Usiirudishe kwa hilo. Viambato vilivyo chini ya asilimia moja vinaweza kupangwa vyovyote, na peptidi hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Kinachopotosha ni "asilimia 10 ya peptidi". Mara nyingi hiyo ni asilimia 10 ya mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni maji na gliserini. Na peptidi kwenye sabuni ya uso, unayoiosha papo hapo, mimi singeilipia.

ASHA: Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu?

IDRISA: Losheni ya kukinga jua, bila kufikiri mara mbili. Halafu tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, ina ushahidi mwingi zaidi wa kupunguza makunyanzi. Ila inawasha na kubabua wengine, na mjamzito haruhusiwi. Kwa watu hao naiona nafasi halali ya peptidi, kwani ni pole kwa ngozi.

ASHA: Kabla hatujaaga: wasikilizaji wanauliza kuhusu peptidi za unga zinazouzwa mtandaoni, za kujidunga.

IDRISA: Msijidunge, jamani. Chupa hizo mara nyingi huandikwa "kwa utafiti tu", na hakuna anayekuhakikishia kilichomo wala usafi wake. Kama umeshajidunga na pamevimba au una homa, nenda kwa daktari leo, uende na chupa yenyewe.