Nundu ya Dole Gumba na Uzito Unaohama

Mabibi na mabwana, mwenye nundu pembeni mwa dole gumba la mguu humwonyesha daktari hiyo nundu. Sawa, aionyeshe. Lakini mimi nitaomba anigeuzie wayo, nitazame chini ya shina la kidole cha pili. Nikikuta sugu nene imekomaa pale, nimeshajua anavyotembea.

Tufuate hatua moja tu. Kisigino kinatua, uzito unasogea mbele, halafu unaelemea upande wa dole gumba kabla mguu haujabanduka chini. Dole linapokunjika kuelekea juu, ukano mpana wa chini ya wayo unavutwa na kukazika, upinde wa wayo unanyanyuka, na mguu unakuwa imara wa kusukumia. Mtafiti Hicks wa Uingereza alilieleza hilo mwaka 1954.

Sasa mwenye nundu, mfupa mrefu ulioshika dole umetanuka kuelekea mguu wa pili, na dole lenyewe limewalalia wenzake. Chini ya shina lake kuna vifupa viwili vidogo, mfano wa punje za kunde, vilivyozoea kubeba. Navyo vimeachwa kando. Dole halisukumi ipasavyo. Kilo za mtu huyo, tuseme 70, hazijapungua hata moja, kwa hiyo mara nyingi zinaangukia shina la kidole cha pili na cha tatu. Eneo dogo, mzigo uleule: mgandamizo lazima upande. Si kwa kila mtu, maana wapo ambao kipimo bado kinaonyesha mgandamizo mkubwa chini ya shina la dole gumba.

Mnaniuliza viatu? Kurithi kupo, ila viatu navyo haviepuki lawama. Hong Kong, utafiti wa mwaka 1958 uliikuta hali hii kwa asilimia 33 ya wavaa viatu, na chini ya asilimia 2 ya waliozoea kutembea peku. Kisigino kirefu nacho kinausukumia mzigo zaidi mbele, kwenye ncha iliyobanwa.

Kukwangua sugu kunapoza, lakini mzigo usipohama itarudi. Kiatu kiwe kipana mbele. Na kipande cha sponji kinachowekwa ndani ya kiatu kisikae penye sugu, kosa ninaloliona kila siku. Kikae nyuma yake kidogo, kuelekea kisigino, ili kibebe mfupa kabla uzito haujafika panapouma.