Diski mpya inagoma kusoma, usikimbilie kufomati

Haya ndugu zangu, naanza moja kwa moja. Umefunga diski mpya, unakopi mafaili, inafika katikati inaganda, dakika nzima haisogei, halafu erori ya kusoma. Wengi hapo hapo wanafomati. Nawaomba sana msifomati kwanza, na nitawaeleza kwa nini.

Diski inaandika data kwenye vipande vidogo, sekta, zamani baiti 512 na siku hizi nyingi ni 4096, na kila sekta ina kodi (code) yake ya kukagua makosa. Kodi hiyo isipolingana na data, diski inarudia kusoma tena na tena, ndo maana inaganda, ikishindwa kabisa inaiweka sekta hiyo kwenye orodha ya kusubiri. Sasa ukifomati ile ya kirefu unaandika juu yake, sekta ikipokea inatoka kwenye orodha, ikikataa inabadilishwa na ya akiba, na wewe unaona diski imepona kumbe umefuta ushahidi, na data iliyokuwemo imeenda.

Kwa hiyo soma SMART kwanza, yaani rekodi ya afya ambayo diski inajiwekea yenyewe. Tumia programu ya smartctl, andika smartctl -a na jina la diski, angalia namba 5, sekta zilizokwisha badilishwa, 197, zinazosubiri, na hii ambayo watu wanairuka, 199. Hiyo 199 inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama, yaani mara nyingi ni kebo jamani, sio diski!

Mimi nilihangaika siku mbili na diski mpya, 5 sifuri, 197 sifuri, 199 ikasoma 41. Nikachomoa kebo, nikaigeuza kwenye mwanga, plastiki ya kichwa ilikuwa na ufa mwembamba pembeni, ukiichomeka inacheza. Nikaweka kebo nyingine nikakopi upya mafaili yote, na 41 ikabaki 41. Haishuki hata ukirekebisha tatizo, we angalia tu kama inapanda.

Ila kama ni 197 ndo ina namba, na diski ni mpya, usibembeleze. Kama kuna data ambayo haipo kwingine, itoe kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, yenyewe inachukua kwanza panaposomeka kirahisi halafu inarudi kwenye pabovu, na chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kurekebisha diski, usiiguse kabla hujamaliza kutoa. Kisha rudisha diski waranti ikiwa hai, na ripoti ya SMART uihifadhi pamoja na namba ya siri... samahani, namba ya siriali.

Na kama diski bado tupu, usiiamini hivi hivi. Anzisha smartctl -t long, kipimo kirefu kinachosoma diski nzima, usiku ukalale, kwa terabaiti 4 ikisoma megabaiti 150 kwa sekunde inakula masaa saba na zaidi, asubuhi unakuta majibu.