Gesi ya Baridi Pembezoni mwa Kundi la Galaksi la Virgo

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wapendwa,

Mwezi huu wa tano, mvua zikiwa zimekwisha hapa Katanga, mtu akitazama juu upande wa kaskazini mnamo saa tatu usiku huwa anaelekea kundi la Virgo, lenye galaksi zaidi ya elfu moja, lililo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 54.

Kati ya galaksi hizo imetanda gesi ya nyuzi milioni 20 hivi, inayoonekana kwa eksirei. Sisi watu wa Lubumbashi, ambao shaba yetu huyeyuka kwa nyuzi 1,085, tungeiogopa bure, maana ni nyembamba mno: kwa sehemu kubwa, lita nzima ina chembe chache tu.

Gesi ninayoizungumzia leo ni nyingine. Ni haidrojeni yenye nyuzi elfu kumi hadi laki moja, ambayo huitwa ya baridi kwa kulinganishwa na jirani yake tu. Tunaijua kwa kile inachokizuia: nuru ya kwasa (kiini chenye kung'aa mno cha galaksi ya mbali) iliyo mbali nyuma ya Virgo inapoipenya, haidrojeni humeza urujuanimno wa nanomita 121.6, na pengo jeusi hubaki katika spektra, yaani nuru iliyotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake. Kwa kuwa Virgo inatuacha kwa takriban kilomita 1,000 kwa sekunde, na mwendo huo hurefusha mawimbi, pengo hilo tunalikuta karibu na nanomita 122. Ni bahati njema, kwani haidrojeni ya galaksi yetu wenyewe hufunika eneo la 121.6, na mawingu ya Virgo yaendayo polepole hupotea humo.

Mwaka 2012 wanaastronomia Joo Heon Yoon, Mary Putman na wenzao walichunguza kwasa 23 kwa darubini ya Hubble, wakapata mapengo 43. Kinachonivutia si idadi bali mahali: gesi ilikuwa nyingi pembezoni, ikikwepa sehemu zinazong'aa kwa eksirei. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba huingia kutoka nje kwa mikondo, kisha hupashwa moto kabla ya kufika katikati. Galaksi iliyokwisha kuzama humo basi haiongezewi malighafi ya kuundia nyota, na akiba yake hupukutishwa na msukumo wa gesi ya moto, kama James Gunn na Richard Gott walivyoeleza mwaka 1972.

Hata hivyo, kasi ya wingu, tunayoisoma katika mahali pa pengo, haituambii kama wingu limo ndani ya kundi au liko mbele yake kwa mamilioni ya miaka ya nuru. Ndiyo maana naamini zaidi uhaba wa gesi hiyo katikati kuliko wingu lolote moja linaloonekana huko.