Mikono Huwahi Kuliko Ulimi: Mhadhara kwa Wazazi na Walezi, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum, mama zangu, baba zangu, na nyinyi walezi wa vituo vya mchana mliotoka Makorora na Chumbageni. Ahsanteni kwa kuniita tuzungumze juu ya kumfundisha mtoto alama za mikono kabla hajaweza kusema.

Mtoto wa miezi tisa anaelewa mengi. Ukitaja maji, anageuka kuangalia kikombe. Kinachomshinda ni kutamka, maana ulimi, midomo na pumzi lazima vipatane, na watoto wengi hulipata neno la kwanza karibu na kutimiza mwaka. Mikono huwahi: anapunga kwaheri kabla hajaweza kuisema. Kilio kingi cha miezi ile si ukorofi, ni neno lililokosa njia.

Sasa tuje kwenye uji, maana uji ndio darasa lenyewe. Umempakata, anakutazama usoni, ana njaa. Kabla ya kijiko cha kwanza onyesha alama ya kula, na useme kwa sauti, "kula". Mpe. Baada ya vijiko vichache, simama. Onyesha alama ya "tena", uulize, "Tena?" Kisha subiri. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa, kijiko kinatutangulia. Mwache ahangaike na vidole vyake. Akivigonganisha ovyo tu, amesema. Mjibu papo hapo kwa uji na kwa neno. Na akionyesha "basi", acha kweli. Ukimshindilia, umemfundisha kwamba mikono yake haisikilizwi.

Kuoga na kulala ni vivyo hivyo. Anzeni na alama tatu nne, na msichoke zikipita wiki nyingi kabla hajazirudisha.

Bibi zetu wanauliza, je, hatachelewa kusema? Watafiti Linda Acredolo na Susan Goodwyn wa Marekani walilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980, na hawakuona alama zikiyachelewesha maneno. Sharti ni moja: mkono na sauti viende pamoja. Lakini anayewaambia kwamba mtoto atawapita wenzake kwa akili, msimwamini, hilo halijathibitika. Kuelewana na mwanao wakati wa kula kunatosha.

Alama zipi, basi? Hapa nawasihi. Tusiige za Marekani kutoka kwenye simu, ilhali tunayo Lugha ya Alama ya Tanzania, na wenyewe, yaani viziwi, tunaishi nao mtaa mmoja. Hii ni lugha kamili. Mwaka 1991 watafiti Laura Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wenye kutumia alama hubwabwaja kwa vidole, kama wengine wanavyobwabwaja kwa mdomo. Tatizo ni kwamba viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua hata alama moja, na miaka ya mwanzo inapita nyumbani kukiwa kimya. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo wala kugeuka akiitwa, mpelekeni hospitali ya Bombo apimwe masikio. Msingoje kuambiwa "atakua tu". Na huku mkingoja majibu, endeleeni na alama; hazimdhuru anayesikia, na asiyesikia anazihitaji kuliko uji.

Dada yetu aliyeketi hapa mbele ni kiziwi, fundi cherehani, amefunga kazi yake asubuhi hii kwa ajili yetu. Atatufundisha kula, maji, tena na basi. Mkalimani yupo, lakini akianza mtazameni yeye, si mkalimani. Wenye watoto wasogee mbele. Karibu, dada.