Macho, vidole na duara la viti

Wazee wangu shikamooni. Wengine, habari za mchana. Leo nazungumzia jinsi ya kuwatuliza, wengi kwa pamoja, watu wanaosumbuliwa na kumbukumbu ya tukio baya.

Wengi hapa Dodoma mnakumbuka Igandu. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma mbio hadi ikaivaa treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Jeneza huzikwa, ila kuna mtu miaka yote hiyo akisikia honi stesheni anashika ukuta.

Mwaka 1987, Mmarekani Francine Shapiro aligundua kuwa macho yake yakienda huku na huku, wazo linalomsumbua linapoa. Tiba iliyotokana na hapo, iitwayo EMDR, ni hii: unalishika lile tukio akilini huku macho yakifuata vidole vya mtaalamu, kushoto, kulia. Akili ikifanya kazi mbili kwa pamoja, picha inapungua ukali. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013.

Tatizo ni kwamba vidole hivyo vinahudumia mtu mmoja, na msiba wetu huwa wa kijiji. Kimbunga Pauline kilipoipiga Acapulco, Mexico, mwaka 1997, waathirika walikuwa wengi mno. Mtaalamu Lucina Artigas akaja na kumbatio la kipepeo: mtu anajigonga mwenyewe badala ya kufuata vidole. Hebu tujaribu. Pishanisha mikono kifuani, viganja chini ya mabega. Gonga taratibu: kushoto, kulia. Aa, mzee, si ngoma ya muheme hiyo, polepole!

Katika kundi kila mtu anachora tukio lake, anaandika namba, 0 hadi 10, ya uzito anaousikia, kisha anajigonga kimya. Anachora tena. Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu wanaotaka kila mtu asimulie kwanza. Hapana. Ukisimulia damu mbele ya watu kumi, umewabebesha kumi. Matangani jirani anakaa nawe mkekani, anamenya viazi, wala hakuhoji marehemu alikufaje. Duara letu liwe vile. Mazungumzo yaje baadaye, namba zikishashuka. Hapo mtu ndipo anagundua kwamba hata jirani halali usiku.

Mama kule nyuma anauliza, na anayelia je? Mwache alie. Ndiyo maana sisi waongozaji tunakuwa wawili: mmoja anaongoza, mwingine anazunguka. Akizidiwa, huyu wa pili anamtoa nje, anampa maji, anamwomba amtajie anachokiona, ili akili irudi hapa tulipo. Bodaboda. Mbuzi. Mbuyu ule pale.