Geti la Mabati na Sakafu ya Ghorofa

Hamjambo wote? Nashukuru mmefika, hasa nyinyi wachomeleaji, maana leo nina maneno mengi nanyi kuliko niliyo nayo na wahandisi wenzangu: ni juu ya sakafu na paa za ghorofa wakati wa tetemeko.

Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilipasuka Subukia, jirani tu na hapa Nakuru. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 6.9, na ufa ukaonekana juu ya ardhi kwa kilomita 38 hivi. Siku hizo Nakuru haikuwa na maghorofa ya kuangusha. Leo yapo, na mengine ni ya chuma: nguzo, boriti, halafu mabati ya deki, yale yenye matuta na mabonde yanayolazwa juu ya boriti kuwa sakafu au paa.

Mteja huniuliza deki itabeba kilo ngapi. Sawa, lakini tetemeko hutikisa nyumba ubavuni, na uzito mwingi wa nyumba uko sakafuni. Nguvu huzaliwa palepale, nayo lazima ipite ndani ya sakafu hadi kwenye fremu zenye vyuma vya mshazari, ndipo ishuke msingini.

Fikirini geti. Chomelea fremu tupu ya pembe nne, isukume kona: inalala upande. Ifunge kwa bati kando zote, haisogei tena. Lakini ukilishika bati kwa madoa mawili ya kuchomelea, hata bati liwe nene namna gani, madoa yatang'oka. Sakafu ni geti lililolazwa. Naona mnacheka, ndivyo ilivyo.

Linaloninyima usingizi ni paa la deki lisilo na zege. Hapo tegemeo ni viungo: bati na boriti, na pale bati linapolaliana na mwenzake. Fundi akiruka bonde moja, akafunga la pili, mvua haiingii na mwenye nyumba hajui. Siku ardhi itakapotikisika, mabati yatateleza moja juu ya lingine. Tena, kwenye majaribio ya kuvuta na kusukuma, skrubu huchana bati polepole, tundu likarefuka huku likimeza nguvu. Doa la kuchomelea mara nyingi hukatika ghafla. Sisemi mtupe mashine zenu, mtanipiga.

Penye zege kazi ni nyepesi kidogo: vile vijiti vya unene wa milimita 19 vinavyochomelewa juu ya boriti hulifunga zege na chuma. Angalieni tu tundu la ngazi. Nguvu haiwezi kuruka shimo, hulizunguka, kwa hiyo kingo zake zitiwe chuma cha ziada.

Na lile tangi la lita 10,000 linalopandishwa mwishoni bila kumwuliza mtu? Likijaa ni tani 10, juu kabisa, mahali nyumba inapoyumba zaidi. Mwulizeni mhandisi kabla ya kukodi kreni.

Basi. Nimeleta fremu mbili, bati ni lilelile. Hii ina skrubu 4, ile ina 12. Njooni wawili wenye nguvu mzisukume kona.